Katapila Lisitangulie Elimu

Lipo eneo wilayani Nachingwea ambalo hadi leo hujulikana kwa namba: Farm 17. Jina hilo halikutolewa na wazee wa mahali hapo, wala halitokani na mto, mlima au mti. Ni alama iliyoachwa na Mradi wa Karanga, ule mradi wa Serikali ya Uingereza ulioletwa Tanganyika mara baada ya Vita Kuu ya Pili ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula. Waliobuni mradi ule waliizunguka nchi kwa muda wa wiki tisa tu katika mwaka 1946, tena sehemu kubwa wakiitazama kutoka angani kwa ndege. Kisha wakaandika kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zingefyekwa na kulimwa, na kwamba zaidi ya nusu ya ekari hizo zingekuwa katika Jimbo la Kusini.

Yaliyofuata yanajulikana. Makatapila yaliletwa, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Minyororo mizito ilifungwa baina ya mashine mbili na kuburutwa msituni, ikiangusha kila kilichosimama. Reli ilijengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Waliouliza juu ya udongo na mvua walikuwa wachache, na jibu lao halikungojewa. Wenyeji, waliojua kwa nini hulimwa hapa na kuachwa pale, hawakuulizwa. Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilikiri kushindwa na kufuta katika hesabu zake pauni milioni 36. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Lakini misitu iliyokuwa imekwisha kung'olewa haikuweza kufutwa kwa kalamu ikarudi.

Fundisho la kisa hicho ni jepesi kulisema na zito kulishika: katapila lilitangulia elimu.

Leo, baada ya miaka zaidi ya 70, katapila linarudi Kusini, na safari hii limebeba jina la elimu yenyewe. Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kilianza Mtwara mwaka 2009. Chini ya mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioanza mwaka 2021 kwa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilipangiwa kujenga kampasi Lindi. Nachingwea ina chuo cha ualimu cha miaka mingi. Ruangwa, iliyomegwa kutoka Nachingwea ikawa wilaya kamili, imepata chuo cha ufundi. Hayo ni mambo ya kushukuriwa, kwa kuwa Kusini ilingoja muda mrefu mno. Lakini lipo swali ambalo watumishi wa umma na walimu wa wilaya hizi wanapaswa kulijibu mapema, kabla mkandarasi hajafika na kambi yake. Je, kumbi za elimu ya juu zitajengwa ndani ya nchi ya Kusini, au zitajengwa juu ya maiti yake?

Desturi iliyopo haileti matumaini. Katika mikataba mingi ya ujenzi wa taasisi za umma, kazi ya kwanza kuandikwa ni "kusafisha eneo". Neno hilo lina hukumu ndani yake: kwamba mti ni uchafu. Mkandarasi hulipwa kwa eneo alilolisafisha; halipwi kwa mti aliouacha. Basi mninga uliopita umri wa wazee wa kijiji, au mpingo ambao huhitaji miaka 70 na zaidi kukomaa, huangushwa kwa asubuhi moja, ili ramani iliyochorwa mbali kwa ajili ya kiwanja kitupu ipate kulingana na ardhi. Majengo yakiisha, hununuliwa nyasi za kupandwa na miche ya mapambo, ikapangwa mistari kama askari wa gwaride. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi hukabidhiwa mche na kopo la maji, akapanda mti mmoja kwa makofi pale pale palipong'olewa mia. Picha hupigwa. Kiangazi kikiwadia mche hufa, kwa kuwa hakuna fungu lililotengwa la kuumwagilia.

Wapo watakaosema kuwa kulizungumza jambo hili ni anasa. Na wapo watakaosema kuwa ni matusi kwa watu wa Kusini. Hao wa pili wasikilizwe kwa heshima, maana wana kisa cha kweli. Kwa miaka mingi kusoma chini ya mwembe ndiko kulikokuwa alama ya unyonge. Wazazi walichanga fedha, wakafyatua matofali, wakabeba mawe na maji vichwani ili watoto wao waondoke chini ya mti. Sasa, watauliza, wajukuu waliofanikiwa kufika chuo kikuu waambiwe warudi kule kule walikotolewa babu zao?

Jibu ni kwamba mwembe haukuwa na hatia. Kilichokosekana chini yake ni dawati, ubao, kitabu, choo, na paa la kuzuia mvua. Mti wenyewe ulitoa bure vitu viwili, kivuli na hewa. Na darasa lililojengwa kwa jasho la wananchi likaja likavinyang'anya vyote viwili. Mwalimu yeyote aliyefundisha Nachingwea mwezi wa Oktoba anajua. Bati lisilo na dari hupokea jua tangu asubuhi, na ifikapo saa nane hata mwanafunzi hodari husinzia. Mvua ya masika ikianza, bati hilo hilo hupiga kelele hata sauti ya mwalimu isisikike, na somo likasimama. Mtoto alitolewa katika upungufu mmoja akatiwa katika upungufu mwingine. Na kwa kuwa upungufu wa pili ulikuwa na kuta, ukaitwa maendeleo.

Chuo kikuu kinapojengwa kwa fikra hizo hizo, kosa huwa lile lile, ila gharama ndiyo huzidi. Madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo sasa yamekuwa sare ya majengo ya umma, hufunguka nusu tu. Nusu ya pili daima hubaki kioo. Kuta za vioo huelekezwa magharibi, zikapokea jua la alasiri kama sahani inavyopokea wali. Kisha hununuliwa viyoyozi ili kuliondoa joto ambalo mchoraji mwenyewe amelialika. Umeme ukikatika, ukumbi wa watu 300 hugeuka tanuri. Hakuna ujuzi wa kisasa katika jambo hilo. Ni kasumba tu ya kuamini kwamba jengo la heshima ni lile linalofanana na la nchi ya baridi.

Wanafunzi wenyewe wamekwisha kutoa hukumu yao. Anayetaka kuijua na aende katika chuo kikuu chochote cha Tanzania saa za alasiri, atazame vimbweta. Vimbweta ni meza na viti vya saruji vilivyosimikwa nje, na havitajwi katika hotuba za ufunguzi. Lakini ndivyo vinavyogombewa. Kimbweta kilicho chini ya mti hujaa tangu asubuhi: hapa wanahesabu, pale wanabishana juu ya sheria, kule mmoja anawaeleza wenzake kile ambacho mhadhiri alikipitia haraka. Kimbweta kilichowekwa juani hubaki kitupu mpaka jioni. Saruji ni ile ile na fundi ni yule yule. Tofauti ni mti.

Wala ujuzi wa kujenga kwa kufuata jua na upepo si mgeni katika nchi hii. Chuo cha Dar es Salaam kilipohama mtaa wa Lumumba na kwenda Mlimani mwaka 1964, wachoraji wake hawakuweza kutegemea mashine za kupooza hewa kila chumba. Iliwabidi wafikiri. Wakajenga nyumba nyembamba ambazo upepo huingia upande mmoja na kutoka wa pili, wakaweka matofali yenye matundu na njia zenye vivuli, wakayafuata miinuko na mabonde ya mlima badala ya kuyasawazisha yote. Ukumbi wa Nkrumah, ambao picha yake ilitumika hata katika noti ya shilingi 500, ni mtoto wa fikra hiyo. Kilichokwisha kufanywa kwa akili na uchache wa fedha hakipaswi kusahauliwa kwa sababu tu fedha zimeongezeka.

Mataifa mengine yaliyotawaliwa yamekwisha kuonyesha kwamba mti na chuo kikuu havigombani. Huko Bengal, India, Rabindranath Tagore alianzisha shule Santiniketan mwaka 1901, na mwaka 1921 ikawa na chuo kikuu, Visva-Bharati. Masomo yalifanyika chini ya miti kwa kuchagua, wala si kwa kukosa majumba. Burkina Faso imemtoa Francis Kéré, ambaye alipokuwa mtoto alisoma katika darasa la joto na msongamano, na akiwa bado mwanafunzi wa uchoraji wa majengo alirudi kijijini kwao Gando. Akajenga shule iliyokamilika mwaka 2001, yenye kuta za udongo na paa lililoinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipite katikati na kutoka. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya uchoraji wa majengo duniani. Na hapa jirani, Bugesera nchini Rwanda, chuo cha kilimo hifadhi kilichofunguliwa mwaka 2019 kimejengwa kwa udongo, mawe na mbao za nchi hiyo hiyo, na mpango wake uliyaweka mashamba, miti ya asili na madarasa katika hesabu moja.

Sayansi nayo imetoa ushahidi. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, alitangaza matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa katika hospitali moja. Nusu yao walilala katika vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ikiwa mti unaoonekana dirishani humsaidia mgonjwa kupona, ni hoja gani itakayotolewa ya kumnyima mti huo kijana anayejitahidi kusoma?

Lakini kivuli, hewa na utulivu wa moyo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili inahusu elimu yenyewe. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alishutumu elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii iliyomlea. Chuo kilichong'oa kila mti humtenga mwanafunzi na nchi yake kwa njia ya ukuta na saruji, hata kama mitaala yake imeandikwa vizuri namna gani. Mwanafunzi wa kilimo atasoma habari za ubwiriunga wa mikorosho katika kitabu, ilhali mikorosho iliyokuwa dirishani pake iligeuzwa kuni. Mwalimu wa baiolojia atachora ubaoni jinsi miyombo inavyotoa majani mapya mekundu kabla ya mvua kunyesha, ilhali jambo hilo hutukia kila mwaka, bila ada, katika msitu uliokuwa umbali wa hatua 20. Mpingo, mti ambao dunia nzima huutafuta ili kutengenezea klarineti na ambao mikono ya Wamakonde imeupa heshima ya pekee, utakuwa neno la mtihani. Upande wa mashariki wa wilaya hizi, katika nyanda za Rondo, anaishi komba mdogo aliyepewa na wanasayansi jina la mahali hapo hapo. Ni aibu ikiwa kijana wa Ruangwa atahitimu shahada akimjua dubu wa nchi za theluji kuliko komba huyo.

Nachingwea yenyewe ina kumbukumbu nyingine, iliyo kinyume cha ile ya karanga. Kuanzia mwaka 1965 wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao hapo. Walijifunza, walilima chakula chao na walijenga kwa mikono yao katika pori lile lile lililowashinda wenye makatapila. Mwezi Mei 1975 Samora Machel aliondoka Nachingwea kuanza safari ya ushindi kutoka Rovuma hadi Maputo. Ardhi iliyomshinda mkoloni aliyekuja kuivunja ilimlea aliyekuja kujifunza ndani yake. Hakuna hoja iliyo nzito kuliko hiyo kwa mtu anayepanga chuo katika wilaya hizi.

Yatatolewa mapingamizi ya watu wa ofisi. La kwanza ni gharama. Lakini mti uliokwisha kusimama haununuliwi, na kivuli hakiletewi bili mwisho wa mwezi. Kinacholetewa bili ni kiyoyozi. Matofali ya kufungamana, yanayofyatuliwa kwa udongo wa mahali pa ujenzi pamoja na saruji kidogo, yamekuwa yakihimizwa kwa miaka mingi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. La pili ni usalama: nyoka, matawi ya kuanguka, mizizi ya kupasua misingi, moto wa kiangazi. Hayo ni mambo ya kweli, na kila moja lina dawa yake. Nyoka hukaa katika kichaka kisichofyekwa, wala si chini ya mwembe uliofagiwa. Tawi bovu hukatwa na mtu aliyeajiriwa kulitazama. Msingi hupangwa mbali na mzizi kwa kuwa mzizi ulipimwa kwanza. Moto huzuiwa kwa njia pana zilizolimwa kuzunguka eneo kabla majani hayajakauka. Aliyeshindwa kutunza miti kwa kuogopa nyoka atashindwa vile vile kutunza majengo kwa kuogopa popo.

Pingamizi la tatu halisemwi waziwazi, nalo ndilo lenye nguvu. Ni kwamba miti haipigwi picha vizuri siku ya makabidhiano. Ghorofa la vioo katika uwanja mweupe huonekana kutoka barabarani, na kiongozi hupata cha kuonyesha. Ugonjwa huo hautibiwi na mchoraji. Hutibiwa na mtumishi wa umma mwenye ujasiri wa kukataa kutia sahihi.

Basi yanayotakiwa yatajwe kwa uwazi. Afisa misitu wa wilaya aingie katika kiwanja kabla ya mpima ramani, ahesabu miti, aitie alama na kuiandika kwa majina yake, na orodha hiyo iwe sehemu ya mkataba. Kila mti ulioorodheshwa uwe na thamani, na mkandarasi atakayeuangusha bila kibali akatwe fedha, kama vile angekatwa kwa kuvunja ukuta. Majengo yalazwe mashariki kwa magharibi ili madirisha yake yatazame kaskazini na kusini, yawe na baraza pana, na yafunguke pande zote mbili. Maji ya paa yakusanywe katika matangi, kwa kuwa katika wilaya hizi mvua ikikatika mwezi wa Mei hungojewa mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Vimbweta viingizwe katika ramani tangu mwanzo, kila kimoja na kivuli chake, na ubao wa nje uwepo kwa mhadhiri anayetaka kufundishia hapo. Sehemu ya miyombo iachwe kama ilivyo, iwe maabara ya wanafunzi na ya shule za jirani. Wazee wa vijiji waulizwe majina ya miti na matumizi yake, na majina hayo yaandikwe katika vibao. Mwisho, bajeti ya kila mwaka iwe na fungu la watunza miti, kwa kuwa kisichokuwa na fungu hakina mwenyewe.

Walimu wana kazi yao pia. Mhitimu wa chuo cha ualimu Nachingwea atapelekwa kesho katika shule ya kijiji, na atakapopewa mamlaka juu ya kiwanja atafanya yale aliyoyaona chuoni kwake. Akiwa alifunzwa katika uwanja mweupe, ataagiza wanafunzi wakate mwembe wa shule ili gwaride lipate nafasi. Akiwa alifunzwa chini ya mkwaju uliohesabiwa na kutunzwa, atauzungushia mwembe huo viti. Kwa namna hiyo ramani ya chuo kimoja hunakiliwa katika mamia ya viwanja vya shule, bila waraka wala semina.

Waliokuja na minyororo miaka ya 1940 wanaweza kusingizia ugeni. Hawakuijua nchi, na hawakukusudia kuishi humo. Watakaojenga vyuo vya Kusini leo hawana kisingizio hicho. Ardhi ni yao, watakaosoma ni watoto wao, na hesabu ya kosa la kwanza imebaki wazi katika viwanja vinavyoitwa kwa namba. Kabla injini haijawashwa, mtu mmoja na ashuke na daftari, atembee kwa miguu katika kiwanja kizima, aulize kila mti jina lake.